Kiraka Juu ya Kiraka: Usasishaji wa Vitegemewa vya Programu na Usalama wa Miundombinu ya Wingu

Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma makala ya kitaaluma katika tovuti ya jarida, anayetafuta neno katika kamusi ya mtandaoni, au anayejisajili kwa mtihani bila kupiga foleni, hutumia programu ambayo kwa sehemu kubwa haikuandikwa na wale waliounda tovuti hiyo. Programu hiyo imejengwa juu ya programu nyingine, nazo hizo zimejengwa juu ya nyingine tena. Panapotokea mwanya katika ile iliyo chini kabisa, wote walio juu yake wamo hatarini, wajue wasijue. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mwanya wa namna hiyo unavyotokea, jinsi unavyozibwa, na kwa nini kazi ya kuuziba ni nzito kuliko inavyosikika. Mfano wetu mkuu ni maktaba ya programu iitwayo Log4j, ambayo mnamo Desemba 2021 iliwanyima usingizi wahandisi wa tarakilishi kote duniani.

Yumkini msomaji atauliza mada hii imeingiaje katika jarida la Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inamtaka mwenye kusimamia data kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu ajue kwamba data imeingiliwa kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, na kumwarifu pia mwenye data hiyo kwa maandishi. Tukiziweka sheria hizi mbili pamoja, ni wazi kwamba siku moja mtu fulani atalazimika kuketi na kuandika kwa Kiswahili notisi ya kuwaeleza wananchi kwamba siri zao zimevuja, na kwa sababu gani. Mtu huyo kwa hakika atatafutwa miongoni mwa wanafunzi wa idara zetu. Iwapo hajui jambo lenyewe, atatafsiri maneno asiyoyaelewa kwa watu wasioyaelewa.

Suala la jina

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutatua tatizo la istilahi. Kipande cha programu ambacho programu nyingine hukihitaji ili ifanye kazi hutajwa na baadhi ya waandishi wa Kiswahili kama "kitegemezi". Jina hili lina kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa sarufi ataigundua mara moja. Tunaposema kishazi tegemezi, tunakusudia kishazi kisichoweza kujisimamia, kinachohitaji kishazi huru ili kikamilike. Mofimu tegemezi vilevile ni ile isiyoweza kusimama peke yake. Tegemezi, basi, ni kile kinachotegemea. Lakini Log4j haitegemei tovuti inayoitumia. Tovuti ndiyo inayoitegemea Log4j. Kuiita kitegemezi ni kugeuza uhusiano juu chini, na msomaji wa notisi ataelewa kwamba kilichoharibika ni kijisehemu kidogo kinachoning'inia pembeni, ilhali kilichoharibika ni nguzo.

Kiswahili kina kauli ya kutendwa, nayo inatosha. Katika makala haya tutatumia neno kitegemewa, wingi vitegemewa, kwa kipande cha programu kinachotegemewa na kingine. Mwanya ni dosari inayoweza kutumiwa na mhalifu kupenya. Kusasisha ni kubadilisha toleo kuukuu kwa toleo jipya. Kiraka hakihitaji maelezo: fundi cherehani na mwandishi wa programu wanakubaliana kabisa kuhusu maana yake, pamoja na ukweli kwamba kiraka kibaya hupasuka upande wa pili.

Matini ya kurithiwa

Wanaosoma ushairi wa kale wanaufahamu urithi wa makosa. Mashairi ya Muyaka bin Haji yametufikia kupitia mikono kadhaa: yalikusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, kisha yakahaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka wa 1940. Mhakiki wa matini anajua kwamba neno likikosewa katika nakala ya awali, kila nakala inayotokana na hiyo hulibeba kosa lile lile, na atakayelisahihisha katika nakala yake hatakuwa amewasahihishia wengine. Nakala zilizokwisha kusambaa zitaendelea kukariri kosa.

Msimbo wa programu hurithiwa kwa namna hiyo hiyo. Mwandishi wa programu anapohitaji kazi ambayo wengine wamekwisha kuifanya, kama vile kusoma tarehe, kuficha nywila au kuweka kumbukumbu za matukio, haianzi upya. Hutaja katika faili maalumu jina la maktaba anayoitaka na nambari ya toleo lake, na chombo cha kukusanyia vitegemewa huileta. Maktaba ile nayo ina faili yake yenye majina mengine. Hivyo basi mtu aliyetaja vitegemewa kumi anaweza kujikuta amepokea mamia, ambavyo vingi hajavisikia kamwe. Mwezi wa Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa katika hazina ya npm kipande chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno. Programu nyingi kubwa zilishindwa kujengwa siku hiyo. Wengi wa walioathirika hawakuwa na habari kwamba walikuwa wakikitegemea.

Kuna tofauti moja kati ya nakala ya shairi na nakala ya msimbo, nayo ndiyo inayofanya mambo yawe ya hatari. Kosa katika shairi humpotosha msomaji. Kosa katika msimbo hutenda. J. L. Austin alipoandika kuhusu vitendo vya usemi, alionyesha kwamba baadhi ya kauli hazielezi jambo bali hulifanya. Katika tarakilishi mpaka kati ya maneno yanayonukuliwa na maneno yanayotekelezwa ni jambo la uhai na mauti, na kisa cha Log4j ni kisa cha mpaka huo kuvukwa.

Miundombinu inayoandikwa

Zamani aliyetaka seva mpya aliinunua, akaibeba hadi chumbani, akaiunganisha kwa nyaya. Katika huduma za wingu, seva ni sehemu ya mashine kubwa ya kampuni nyingine, iliyo mbali. Amazon, kwa mfano, ilifungua vituo vyake vya Cape Town mwaka wa 2020. Anayeikodi huandika matini inayosema: nataka seva tatu za ukubwa huu, hifadhidata moja, lango linaloruhusu wageni wa aina hii na kuwazuia wengine. Programu kama Terraform, iliyotolewa na HashiCorp mwaka wa 2014, huisoma matini hiyo na kuyatimiza yaliyoandikwa. Kwa maneno mengine, jengo lote limekuwa maandishi.

Manufaa yake ni makubwa, kwani jengo lililoandikwa linaweza kuhaririwa, kulinganishwa na toleo la jana, na kujengwa upya likianguka. Lakini maandishi haya pia yana vitegemewa. Terraform hutumia vipande vinavyojua kuzungumza na kila kampuni ya wingu, na waandishi hukopa vipande vilivyoandikwa na wenzao. Huyu anayeandika miundombinu ndiye mwenye funguo za nyumba nzima. Kitegemewa chake kikiwa na mwanya, mhalifu hapati chumba kimoja. Anapata kitita cha funguo.

Kisa cha Log4j

Log4j ni maktaba ya lugha ya Java, chini ya Wakfu wa Programu wa Apache. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu: nani ameingia, saa ngapi, ameomba nini, kosa gani limetokea. Mabaharia wa pwani yetu wana neno batli kwa daftari la chombo ambamo matukio ya safari huandikwa, na binafsi naona neno hilo linaifaa kazi hii vizuri kuliko kumbukumbu, ambalo limekwisha kubebeshwa mizigo mingi. Log4j, basi, ni mwandishi wa batli. Si kazi ya fahari, na ndiyo maana kila mtu alimwachia mwingine aifanye.

Mwaka wa 2013 maktaba hii iliongezewa uwezo mpya. Ikikuta katika maneno ya kuandikwa alama fulani za dola na mabano, isingeyaandika yalivyo, bali ingekwenda kutafuta thamani yake mahali palipotajwa, hata kama mahali hapo ni seva nyingine kwenye mtandao. Uwezo huo ulikusudiwa kuwarahisishia watu kazi. Ukakaa humo miaka minane.

Fikiria bawabu langoni mwa taasisi, mwenye kitabu cha wageni. Kazi yake ni kuandika majina. Anakuja mgeni, anaulizwa jina, anajibu: "Jina langu ni Nenda Kwa Jirani Ulete Kifurushi Ukifungue Ofisini." Bawabu mwema angeandika maneno hayo yote katika safu ya jina na kucheka. Bawabu huyu anaweka kalamu chini, anakwenda kwa jirani, analeta kifurushi, na kukifungua ofisini. Mhalifu hakuhitaji kuvunja mlango. Alihitaji tu jina lake liandikwe. Tena angeweza kuliweka popote panapoandikwa katika batli: kisanduku cha kutafutia, jina la mtumiaji, hata katika mazungumzo ya wachezaji wa mchezo wa Minecraft, ambako mashambulizi ya mwanzo yaligunduliwa.

Taarifa ya mwanya huu ilipelekwa kwa Apache tarehe 24 Novemba 2021 na mtafiti wa kitengo cha usalama cha Alibaba Cloud. Kufikia tarehe 9 Desemba habari ilikuwa hadharani. Katika orodha ya kimataifa ya mianya, iliyoanzishwa mwaka wa 1999, ulipewa nambari CVE-2021-44228, na katika kipimo cha ukali ulipata 10 kwa 10. Toleo la 2.15.0 likatolewa kuuziba. Ikabainika kwamba halikuziba vyote: mwanya wa pili ulitangazwa, kwanza ukipewa alama 3.7 kana kwamba ni jambo dogo, kisha ukapandishwa hadi 9.0. Likaja toleo la 2.16.0. Baadaye likaja la 2.17.0, na kabla ya mwaka kwisha likaja la 2.17.1. Waliosasisha usiku wa kwanza walisasisha tena, na tena, huku sikukuu ya Krismasi ikipita. Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilikiri mwezi huo huo kwamba ilishambuliwa kupitia mwanya huu.

Kampuni za wingu zilikuwa katika hali ngumu zaidi, kwa kuwa zilikuwa na programu za wateja zisizoweza kuzigusa. Amazon ilitoa kiraka cha dharura cha kuibadilisha programu ikiwa inaendelea kukimbia, bila kuizima. Aprili 2022 watafiti wa Palo Alto Networks walitangaza kwamba kiraka chenyewe kilikuwa na mianya: programu iliyofungiwa ndani ya chumba chake ingeweza kukitumia kutoka na kuitawala seva nzima. Ikabidi kiraka kitiwe kiraka.

Jambo jingine linalostahili kutajwa ni kwamba wahandisi wa Google walipochunguza hazina kuu ya vipande vya Java waligundua kuwa vingi vya vilivyoathirika havikuitaja Log4j moja kwa moja. Vilikuwa vinakitegemea kitu kilichotegemea kitu kilichoitegemea Log4j. Mwenye kipande cha juu hawezi tu kubadilisha nambari, kwa sababu nambari hiyo haimo katika faili yake. Ama amngoje wa kati asasishe kwanza, ama alazimishe toleo jipya kwa nguvu na kuomba visigombane.

Kwa nini watu hawasasishi

Ni rahisi kuwalaumu wanaochelewa. Mwaka wa 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo ya watu, ilivamiwa kupitia mwanya katika kitegemewa kiitwacho Struts. Kiraka kilitolewa mwezi wa Machi; wavamizi walipenya mwezi wa Mei na kukaa humo hadi mwishoni mwa Julai. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilichukuliwa. Hapa lawama ni ya haki. Hata hivyo, kuna sababu za kweli zinazomfanya mwandishi wa miundombinu asite.

Nambari za matoleo zenyewe ni aina ya lugha. Kwa kawaida huwa tatu. Ya tatu ikibadilika, kosa limesahihishwa. Ya pili ikibadilika, jambo jipya limeongezwa bila kuharibu la zamani. Ya kwanza ikibadilika, jiandae, kwa maana yaliyokuwa yakifanya kazi huenda yasifanye. Lakini hiyo ni ahadi ya mwandishi, na ahadi huvunjwa. Isitoshe, mara nyingi kiraka hutolewa kwa toleo jipya pekee, na aliyebaki nyuma miaka mitatu analazimika kuruka hatua zote kwa siku moja ili akipate.

Katika miundombinu ruko hilo linaweza kuwa na gharama ya ajabu. Terraform kabla ya kutenda hutoa mpango, yaani orodha ya yale itakayoongeza, itakayobadilisha na itakayoharibu. Toleo jipya la kitegemewa linaweza kuielewa sentensi ile ile kwa namna nyingine, na mpango ukasema kwamba hifadhidata haiwezi kurekebishwa mahali ilipo, lazima ivunjwe na ijengwe nyingine. Nyingine hiyo itakuwa tupu. Mtu anayeupitisha mpango wa kurasa nyingi bila kuusoma anaweza kufuta kumbukumbu za taasisi nzima katika harakati za kuzilinda. Usomaji makini tunaouhimiza darasani una kazi ya malipo mahali hapa, ingawa sijaona tangazo la nafasi linalosema hivyo.

Ndiyo sababu waangalifu huwa na faili ya pili inayofungia matoleo. Faili ya kwanza husema ninachokubali. Ya pili husema hasa nilichopokea, pamoja na alama ya kihesabu inayothibitisha kwamba hakijabadilishwa hata herufi moja. Vyombo vingine hulinganisha faili hiyo na orodha ya mianya kila siku na kupendekeza mabadiliko. Mwanadamu huyasoma, huendesha majaribio mahali pasipo na data ya watu, husoma mpango, kisha ndipo hukubali.

Na je, kusasisha haraka ni salama daima? Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika seva kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alifuatilia hiyo nusu sekunde mpaka akafika kwenye xz, maktaba ya kubana mafaili, na kukuta katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa siri uliowekwa kwa makusudi. Aliyeuweka, kwa jina la kubuni la Jia Tan, alikuwa amejitolea kumsaidia mtunzaji mchovu wa maktaba hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa kalamu. Safari hii waliokuwa hatarini ni wepesi wa kusasisha. Wenye matoleo ya zamani walipona. Haifuati kwamba uvivu ni kinga. Inafuata kwamba swali la toleo lipi haliwezi kutenganishwa na swali la nani ameliandika, na katika visa vyote viwili, cha Log4j na cha xz, walioandika walikuwa watu wa kujitolea, wachache, wanaobeba mzigo wa kampuni zenye utajiri usiokadirika.

Notisi

Bodi ya Marekani ya kuchunguza usalama wa mtandao ilisema katika ripoti yake ya Julai 2022 kwamba mwanya wa Log4j utaendelea kuwamo katika mifumo kwa miaka mingi, labda kumi au zaidi. Kwa hivyo notisi tuliyoitaja mwanzoni bado inaweza kuhitajika kwa sababu ya mwanya huu huu. Tumejaribu kuiandika, ili wasomaji waikosoe:

"Mnamo tarehe iliyotajwa tuligundua kwamba mtu asiye na idhini aliingia katika mfumo wetu. Alipitia mwanya uliokuwamo katika kitegemewa kimojawapo, yaani programu iliyoandikwa na wengine ambayo mfumo wetu huihitaji ili ufanye kazi. Kiraka cha kuuziba kilikuwapo, lakini sisi hatukuwa tumekiweka. Sasa tumekiweka. Majina, nambari za simu na nambari za vitambulisho vilivyomo katika orodha hii vilisomwa. Nywila hazikusomwa."

Wenzetu wawili walioisoma rasimu hii waliuelewa mwanya na kiraka bila kuuliza. Kuhusu kitegemewa, mmoja alipendekeza nguzo, mwingine akashikilia kwamba mhimili ni bora kwa kuwa tayari linatumika katika habari za siasa. Sentensi iliyowashughulisha zaidi haikuwa na istilahi yoyote, nayo ni ile ya tatu. Walishuku kama kuna taasisi itakayokubali kuiacha ilivyo.